Mshale Umelala au Tarakimu Zimelala?

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu, na ninyi wenye magari ya zamani mliofunga safari kuja hapa: wakubwa shikamooni, vijana hamjambo.

Leo tunazungumzia odometa, zile tarakimu za dashibodi zinazohesabu kilomita, na namna ya kuitengeneza inaposimama. Hapa mezani nimeweka waya wa spidomita, ule wa chuma unaozunguka na kukiendesha chombo cha mwendo na kilomita, uliokatika vipande viwili. Waliokaa mbele wanauona. Wa nyuma nitawapitishia mkononi. Tazameni pale ulipokatikia. Haukukatika kama uliopitiwa na kisu. Nyuzi zake zimefumuka na kujisokota, kama kamba iliyokazwa hadi ikashindwa. Waya huu niliufunga mimi mwenyewe, ukiwa mpya, kwenye gari la mzee mmoja, katika miaka yangu ya mwanzo ya ufundi. Ulidumu siku nne. Nikamfungia mwingine, nao ukakatika kabla ya wiki kwisha. Aliporudi mara ya pili hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, una hakika waya ndio mgonjwa?"

Sikuwa na jibu. Fundi aliyenilea kikazi akaja, akaichomoa spidomita, akachomeka ncha ya waya kwenye tundu la nyuma na kuizungusha kwa vidole viwili. Haikuzunguka. Akaongeza nguvu kidogo, ikasogea kwa shida, kama kinu kilichojaa mchanga. Bushi ya ndani, ile pete ambamo ekseli ndogo ya spidomita inazunguka, ilikuwa imekauka kabisa. Kumbe kila gari lilipokwenda, giaboksi ilikuwa inauzungusha waya upande mmoja na spidomita inaushikilia upande wa pili, na katikati yao waya unasokotwa. Alisafisha ekseli ile ndogo, akaweka tone moja la mafuta mepesi, akasubiri, akazungusha tena. Ikateleza. Waya wa tatu ulikaa miaka. Tangu siku ile sijafunga waya mpya bila kwanza kuizungusha spidomita kwa vidole vyangu, na leo nimekuja kuwaomba nanyi mshike desturi hiyo.

Kuna watakaosema: gari la zamani likitembea, likisimama na taa zikiwaka, tarakimu za kilomita za nini? Mimi naziona kama kumbukumbu ya gari. Oili ya injini, mkanda wa taimingi unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, oili ya giaboksi, plagi, vyote vinabadilishwa kwa kilomita. Odometa ikisimama mwaka mzima, mwenye gari anabaki kukisia, na mkanda wa taimingi haujui kukisia. Ukikatika kwenye injini ambazo valvu na pistoni hupishana kwa nafasi finyu, valvu zinapinda na kazi inakuwa ya kufungua injini nzima. Nimefungua injini za namna hiyo, na mara nyingi nikitupia macho dashibodi nilikuta tarakimu zimelala siku nyingi. Uchungu wa kazi ile ndio ulionifanya nikubali kusimama hapa.

Sasa tuingie ndani ya chombo chenyewe. Jambo ninalotaka lishike kuliko yote ni kwamba mshale wa mwendo na tarakimu za kilomita ni ndugu wawili wanaonyonya ziwa moja. Waya mmoja unatoka kwenye giaboksi, unapanda hadi nyuma ya dashibodi na kuzungusha ekseli moja fupi. Kuanzia hapo ndugu hawa wanaachana, kila mmoja na njia yake.

Mshale hauna gia. Ile ekseli inazungusha sumaku, na sumaku inazunguka karibu na kikombe chepesi cha alumini bila kukigusa. Alumini haivutwi na sumaku, hilo mnalijua, lakini sumaku inapozunguka inazalisha mikondo ya umeme ndani ya alumini, na mikondo hiyo inakifanya kikombe kitake kufuata sumaku. Springi nyembamba kama unywele inakizuia. Kadiri gari linavyokwenda kasi ndivyo kikombe kinavyovutwa zaidi na mshale unavyopanda. Otto Schulze wa Ujerumani alipata hataza ya mtambo huu mwaka 1902, na umeendelea kufungwa kwenye magari kwa karne karibu nzima. Mimi bado unanishangaza: mshale unasogezwa na kitu kisichougusa.

Tarakimu zenyewe zinaendeshwa kwa meno matupu. Kwenye ile ekseli fupi kumechongwa meno ya mzunguko kama ya parafujo, yanasukuma gia, gia inasukuma nyingine, na mwendo unapunguzwa hatua kwa hatua. Magari mengi ya Kijapani waya wake huzunguka mara 637 kwa kila kilomita. Kwa hiyo ikiwa kigurudumu cha mwisho kulia kinahesabu sehemu za kumi za kilomita, mizunguko 637 ya waya inakuwa mzunguko mmoja tu wa kigurudumu hicho. Kikitoka 9 kwenda 0, meno mawili yaliyo ubavuni mwake yanakamata gia ndogo iliyo kati yake na jirani wa kushoto, na jirani anasogea tarakimu moja. Hivyo hivyo hadi mwisho wa safu.

Mkishaelewa kwamba njia ni moja hadi kwenye ekseli, kisha zinagawanyika, nusu ya kazi imekwisha na hamjagusa bisibisi. Tarakimu zinapogoma, msifungue kitu. Endesheni gari taratibu na mtazame mshale. Ukiwa umelala pamoja na tarakimu, ugonjwa uko kabla ya mgawanyiko: waya, nati yake ya nyuma ya dashibodi, au gia ya nailoni iliyo kwenye giaboksi. Mshale ukifanya kazi vizuri na tarakimu zimesimama, waya ni mzima, usiuguse. Ugonjwa uko ndani ya spidomita, upande wa meno. Nimeona watu wakinunua waya mpya huku mshale unapanda na kushuka vizuri kabisa. Waya huo mpya hauna cha kutibu.

Tuanze na wote wawili wakilala. Ondoa kwanza terminali hasi ya betri, maana nyuma ya dashibodi kuna nyaya nyingi na mkono wako hauoni. Fungua nati ya waya nyuma ya spidomita. Wakati mwingine utagundua ilikuwa imelegea tu, ncha ya mraba haifiki kwenye tundu lake. Ukikaza kwa mkono unarudisha gari barabarani. Kama ilikuwa imekaza, acha ncha ya waya ining'inie mahali unapoiona, weka gia huru, na uwaombe wenzako wasukume gari polepole mita tano. Kwa waya wa mizunguko 637, ncha hiyo izunguke mara tatu na kidogo. Ikizunguka vizuri, waya na gia ya chini ni vizima, shaka iko juu. Isipozunguka, vuta waya wa ndani utoke kwenye ganda lake. Ukitoka mfupi, umekatika, na kipande cha chini kitatolewa kwa upande wa giaboksi. Ukitoka mzima, shuka chini ukaangalie gia.

Hapa niseme kwamba si kila gari linachukua mzunguko kwenye giaboksi. Volkswagen Beetle, kwa mfano, waya wake unapita katikati ya gurudumu la mbele kushoto, na ncha yake ya mraba inashikwa na kile kifuniko kidogo cha grisi. Kifuniko kikilegea, au tundu lake la mraba likilika hadi likawa mviringo, kila kitu kinalala. Fundi asiyelijua hilo anaweza kuhangaika siku nzima chini ya giaboksi akitafuta kitu ambacho hakipo.

Gia ya giaboksi huwa ya nailoni, imekaa ndani ya kikombe kidogo kilichoshikwa na bolti moja. Ichomoe uihesabu meno na uyatazame kwenye mwanga. Yakiwa yamelika upande mmoja au yamekatika, gia ni ya kubadilisha, na mpya iwe na idadi ileile ya meno. Tazama pia oili sili iliyomo, ile pete inayozuia oili isivuje. Ikichakaa, oili ya giaboksi inapanda taratibu ndani ya ganda la waya hadi inafika kwenye dashibodi. Ukikuta spidomita imelowa oili, usiishie kuifuta. Chanzo kiko chini.

Kuhusu kulainisha waya, naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ni mahali wengi tunaharibu tukidhani tunatengeneza. Waya wa ndani upakwe grisi nyembamba ya grafiti, kiasi cha kuuacha uking'aa. Ile sehemu ya juu inayokaribia spidomita, kama shubiri moja, iachwe kavu. Waya unapozunguka unapandisha mafuta, na mafuta yakifika kati ya sumaku na kikombe cha alumini yanavigundisha. Ndipo unaona mshale unapanda 120 wakati gari linakwenda 50, na haurudi. Mshale unaocheza juu na chini kwenye mwendo mdogo ni jambo jingine: aghlabu waya umekauka, au ganda limepindishwa kona kali mno. Nyoosha njia yake kwanza kabla hujanunua chochote.

Sasa ile hali ya pili, mshale uko hai na tarakimu zimekufa. Hii ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu chombo kizima kinaonekana kizima hadi ukitazame karibu sana.

Kwenye spidomita nyingi za zamani, tarakimu zimepangwa kwenye ekseli ya chuma, na mwisho wa ekseli hiyo kuna gia iliyoshindiliwa kwa nguvu. Haina pini wala parafujo. Imeshikwa na ule mkazo wa kushindiliwa tu. Baada ya miaka mingi ya joto na baridi mkazo unalegea. Gia inaendelea kuzunguka, ekseli imesimama. Ukiangalia kwa haraka utasema hakuna kilichoharibika, maana meno yote ni mazima. Njia ya kuigundua ni kuweka alama ndogo ya kalamu inayopita juu ya gia na ekseli pamoja, kisha kuzungusha kwa vidole. Mistari ikiachana, umempata mgonjwa wako.

Gia hizi hulegea wakati gani? Fikirieni odometa inayosoma 49,999. Kigurudumu cha mwisho kikimaliza mzunguko, hakisukumi jirani mmoja. Kinasukuma safu yote kwa mara moja. Huo ndio mzigo mkubwa kuliko yote, na gia iliyokuwa imeanza kulegea inateleza hapohapo. Ndiyo maana magari mengi utakuta yamesimama yakiwa na tisa kadhaa mfululizo, tarakimu zimenyanyuka nusu, hazikufika. Sababu nyingine ni mikono yetu wenyewe: kubonyeza kitufe cha kurudisha kihesabio cha safari kwenye sifuri huku gari linakwenda. Meno yanakutana yakiwa kwenye mwendo, na meno ya plastiki hayana pa kukimbilia. Kitufe hicho kibonyezwe gari likiwa limesimama. Waambieni na watoto.

Kutengeneza gia iliyolegea kunataka subira. Kabla ya kuondoa mshale, weka alama mahali unapopumzikia, na usiulazimishe kupita kile kipini kinachouzuia, kwa sababu nyuma yake kuna ile springi nyembamba na haisamehe. Andika tarakimu zote unavyozikuta. Vuta ekseli taratibu kiasi cha kuiacha gia iwe huru, kwaruza ile sehemu ya chuma inayokaa ndani ya gia kwa tupa ndogo ili ipate kushika, isafishe kwa spiriti, weka tone dogo sana la gundi ya kufungia chuma, kisha uirudishe mahali pake. Tone dogo. Nimeona odometa iliyotengenezwa kwa moyo mmoja hadi tarakimu zote sita zikaganda kuwa bomba moja. Gundi ile ya kukauka haraka siitumii humo ndani; mvuke wake unatia ukungu mweupe kwenye kioo cha plastiki na hautoki. Na tarakimu zenyewe zisifutwe kwa petroli wala thina. Rangi inatoka na kitambaa, ukabaki na vigurudumu vyeupe. Pamba yenye maji kidogo inatosha.

Gia ya plastiki iliyovunjika meno haina matibabu ya gundi. Inabadilishwa. Hesabu meno, pima kipenyo, tafuta inayofanana. Kuna pia magari ya baadaye kidogo ambayo hayana waya kabisa. Yana kihisi cha umeme na mota ndogo nyuma ya tarakimu. Yale meno ya ndani yanaumwa magonjwa yaleyale, lakini kabla hujayafungua pima umeme kwanza.

Kipo kisa cha tatu: odometa inafanya kazi, ila inadanganya. Hapa napenda kuwakumbusha William Clayton, aliyesafiri na msafara wa Wamormoni, waumini wa dhehebu moja la huko, kuvuka Marekani mwaka 1847. Alichoka kukisia umbali, akafunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la mkokoteni na kuhesabu kila mzunguko kwa macho, siku nzima. Alikuwa amepima gurudumu lile na kujua mizunguko 360 ni maili moja. Baadaye msafara ukatengeneza kihesabio cha gia za mbao kikampokea kazi hiyo. Nayo ilikuwa fikra ya kale. Vitruvius, mhandisi wa Roma, aliieleza kabla ya kuzaliwa Kristo, gurudumu la gari likizunguka mara 400 kokoto moja linadondoka kwenye sanduku, na maili moja imekwisha.

Nimewataja hawa kwa sababu odometa yako bado inafanya kilekile. Haijui barabara. Inajua mizunguko ya gurudumu tu, ukubwa wa gurudumu iliambiwa kiwandani. Ukibadilisha tairi, umebadilisha kipimo bila kuiarifu. Tairi la 175/70 la rimu 13 mzingo wake ni kama mita 1.81. Ukifunga 185/70 la rimu 14, mzingo ni kama mita 1.93, tofauti ya karibu asilimia 7. Gari likienda kilomita 1,000 za kweli, odometa itaandika 936 hivi. Hakuna kilichovunjika, na ukifungua spidomita unaweza kuvunja.

Kwa hiyo pima. Tafuta barabara yenye nguzo za kilomita, nenda kumi, linganisha. Mshale na tarakimu zikikosea kwa kiwango kimoja, tazama tairi, au gia ya giaboksi kama iliwahi kubadilishwa. Tarakimu zikiwa sahihi na mshale peke yake unakosea, ni sumaku au springi, na huo ni mkono wa mtaalamu wa spidomita. Mshale sahihi na tarakimu zinabaki nyuma, leo sana, kesho kidogo? Ile gia iliyoshindiliwa imeanza kuteleza. Irudieni mapema.

Mkinunua spidomita nyingine kutoka gari jingine, someni maandishi madogo kwenye uso wake. Zile za kampuni ya VDO ya Ujerumani huandikwa W na namba, ndiyo mizunguko ya waya kwa kilomita. Kampuni ya Smiths ya Uingereza iliandika namba ya mizunguko kwa maili. Namba isipolingana na gari lako, itaingia vizuri, itawaka taa vizuri, na itasema uongo kila siku.

Na hapo nifike kwenye jambo linalonigusa moyoni. Ukishaifungua odometa, tarakimu ziko mkononi mwako. Unaweza kuandika chochote. Mteja ameniomba zaidi ya mara moja nipunguze "kidogo tu" kwa sababu anauza. Nimekataa na nitaendelea kukataa. Yule anayenunua atabadilisha mkanda wa taimingi kwa kuamini tarakimu nilizopanga mimi. Marekani sheria ya shirikisho inasema odometa ikitengenezwa na ikashindikana kurudishwa kwenye kilomita zake, iwekwe sifuri na kibandiko kiwekwe kwenye fremu ya mlango wa kushoto, kikieleza ilisoma ngapi na lini imetengenezwa. Mimi nafanya hivyo hata pasipo kulazimishwa. Naandika kwenye karatasi ilisimama kwenye ngapi, tarehe gani, na makadirio ya kilomita zilizopotea, naweka nakala kwenye gari na nyingine nambakishia mwenyewe. Mwenye gari ambaye odometa yake imelala leo na hana nafasi ya kuitengeneza, aanze kuandika safari zake kwenye daftari usiku huuhuu.

Basi, maneno yatoshe, mikono ifanye kazi. Hii hapa ni spidomita niliyoitengeneza jana, ya waya wa mizunguko 637. Nimefunga kipande kifupi cha waya kwenye drili inayorekebishika mwendo. Nikiizungusha mizunguko 637 kwa dakika, mshale unapaswa kusimama kwenye 60, na ikitimia dakika moja odometa iwe imesogea kilomita moja kamili. Dada yangu wa mstari wa mbele, tafadhali shika saa. Kigurudumu cha mwisho kinasoma 4. Wengine sogeeni mezani muone. Tayari? Naanza.